Bonde la Mbwemkuru na Ardhi Iliyochimbwa

Basi la Lindi likishapita Nangurukuru, abiria wengi hujifunika khanga na kitenge wakalala. Nje ni pori la miombo, mikorosho, mashamba ya ufuta, vijiji vilivyojipanga kando ya lami, kisha daraja la Mbwemkuru na mto ambao kiangazi hubaki mchanga mtupu. Msafiri anayetoka Dar es Salaam hudhani kwamba katikati ya Kilwa na Lindi hakuna historia ila umbali. Historia, kwa mawazo yake, iko kisiwani kwenye magofu, na akishayapita yaliyobaki ni njia tu.

Dhana hiyo inaudhi, maana bonde hili na vilima vyake vimechimbwa kwa karne nyingi. Watu wa pwani walichonga matumbawe baharini wakayachoma yawe chokaa. Watu wa bara walifukua sandarusi iliyopakwa kwenye magari ya farasi ya Amerika na Ulaya. Wajerumani walipokuja na wazo la madini, ardhi ikatoa kitu ambacho hawakukitarajia, yaani mifupa ya dinosaria waliokufa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Leo inatoka gesi, inatoka jasi, inatoka kinywe. Kila mara mikono iliyoshika jembe ilikuwa ya hapahapa, na kila mara jina lililoandikwa kwenye hati lilikuwa la mtu wa mbali. Nataka tulipite bonde hili kwa miguu, polepole, tuwatazame wachimbaji wenyewe.

Tuanze pwani. Kilwa Kisiwani husifiwa kwa dhahabu, na sifa hiyo ni ya haki, ila dhahabu yenyewe haikutoka Kilwa. Ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, na kutoka hapo vyombo vya Kilwa vikaileta kaskazini. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na kumpokea Ibn Battuta mwaka 1331, imepatikana kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Kilichochimbwa Kilwa kwenyewe kilikuwa jiwe. Matumbawe hai yalikatwa chini ya maji yakiwa bado laini, yakachongwa mihrabu, miimo ya milango na mapambo kabla hayajakauka na kuwa magumu. Matumbawe ya nchi kavu yalijengewa kuta, na mengine yakachomwa.

Kazi ya chokaa bado inafanyika katika vijiji vya pwani, na anayetaka kuona Kilwa ya karne ya 14 ikiwa kazini na aende akaangalie tanuru. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, yakiachiwa tundu katikati la kushushia moto. Juu yake hurundikwa vipande vya matumbawe hadi rundo linazidi kimo cha mtu. Moto ukishakolea, rundo zima hudidimia taratibu, mawe meusi yakigeuka meupe. Kisha huachwa, humwagiwa maji, hufuka mvuke, na jiwe hupasuka lenyewe likawa unga. Msikiti Mkuu wa Kilwa na kasri za Songo Mnara vimeshikiliwa na unga huo. Fikiria ni magogo mangapi yalikatwa, na ni watu wangapi walioyabeba! Mambo ya Kilwa yaliyoandikwa na watu wa zamani yamejaa majina ya masultani, lakini sijakutana na jina hata moja la mchoma chokaa.

Wareno walipovamia mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, biashara ya dhahabu ilikatika mkononi mwa Kilwa na kisiwa hakikurudia tena utajiri wake. Nguvu ilikuja kuhamia bara, Kilwa Kivinje, na hapo ndipo uchimbaji wa pili unapoanzia.

Sandarusi ni utomvu. Msandarusi ukijeruhiwa hutoa utomvu unaoganda, na utomvu wa miti iliyokufa zamani hulala ardhini, pengine mahali ambapo msitu wenyewe umeshatoweka. Ule mbichi wa mtini hauna thamani kubwa. Wenye thamani ni ule uliozikwa ukawa mgumu, wa rangi ya asali, ngozi yake ya nje ikiwa na vipele vidogo, ndani yake mara nyingine amenaswa sisimizi au mbu mzima. Ukisafishwa na kuyeyushwa ulitoa vanishi ngumu kuliko nyingi zilizojulikana katika karne ya 19. Samani za Boston na magari ya farasi ya London yaling'arishwa kwa kitu kilichofukuliwa na mtu wa Umatumbi au Umwera akiwa ameinama na jembe dogo.

Mkataba wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar na Marekani wa mwaka 1833 uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na miaka minne baadaye mmoja wao, Richard Waters, akawa konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Salem walijenga kiwanda cha kusafishia sandarusi. Wahamburg nao wakaja, nyumba ya biashara ya O'Swald ikiwa mbele. Kwa wachimbaji, kazi ilikwenda na majira. Mvua ikilainisha udongo watu walitoka na majembe na vijiti, wakachimba vishimo vifupi, wakipata walichopata wakahamia pengine. Hapakuwa na mgodi wenye lango wala tajiri mwenye daftari la wafanyakazi. Sandarusi ilibebwa hadi kwa wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Wahindi, ikabadilishwa kwa nguo na vitu vya dukani, ikapanda jahazi kwenda Unguja.

Wageni walioandika habari za biashara hii, Richard Burton akiwa mmoja wao, walilaumu uvivu wa wachimbaji, kwamba wanachimba juujuu na kuacha hazina chini. Lawama hiyo siikubali. Mchimbaji aliyejua kwamba bei itapangwa Unguja, na kwamba njia za Kilwa Kivinje zilikuwa zikipita misafara ya watumwa, alikuwa na akili timamu kutokaa muda mrefu ndani ya shimo refu porini. Miaka ya 1860 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa kupita zote za pwani hii katika kusafirisha watu, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Njia iliyoleta pembe na sandarusi ndiyo hiyohiyo iliyoleta wanadamu waliofungwa shingo kwa shingo. Kuitazama biashara moja bila nyingine ni kuisoma nusu ya habari. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, mpira wa porini nao ulikuwa umeanza kupanda thamani, na watu walewale wa misitu ileile wakageukia kugema.

Kisha Wajerumani. Mwaka 1888 pwani yote iliwakataa, na Kilwa ilikuwa miongoni mwa miji iliyowapiga. Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kupambana nao hadi aliponyongwa Kilwa Kivinje Novemba 1895, na mwembe wa kunyongea watu bado unatajwa mjini hapo. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola ya Ujerumani. Wasomaji wa leo wasiipite amri hiyo haraka. Nchi ya watu wanaolima, wakaiacha ardhi ipumzike, wakarudi baada ya miaka, machoni pa karani wa kigeni huonekana haina mwenyewe wakati wowote atakaopita. Mwaka 1898 ikafuata kodi ya nyumba, rupia tatu. Ili kuipata ilibidi kuuza kitu au kuuza nguvu.

Pamba ya kulazimishwa ndiyo iliyowasha moto. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa miche ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikwishatoa maji yake ya dawa na ahadi yake kwamba yangewakinga watu na risasi, naye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vya Majimaji vikiwa na siku chache tu. Vilisambaa hadi Liwale, hadi Umwera, na misheni ya Nyangao, nyuma ya Lindi, ikachomwa mwezi huohuo. Serikali ilijibu kwa kuunguza vijiji na maghala na kuharibu mashamba. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikubali vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka Umatumbi kuwasikiliza wazee, alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa.

Mtu asipoikumbuka njaa hiyo hawezi kuelewa kilichofuata. Mwaka 1906, majivu ya vijiji hayajapoa, Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya Kijerumani iliyotafuta madini nyuma ya Lindi, alikuwa njiani kutafuta vito vya garneti. Karibu na kilima cha Tendaguru, kusini ya Mbwemkuru, aliona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi kando ya njia. Kwa wenyeji mifupa hiyo haikuwa siri. Walikuwa wakiikuta walipolima na walipopita. Sattler alipeleka taarifa kwa mkuu wa kampuni, Wilhelm Arning, na mwaka 1907 mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas, aliyekuwa ziarani katika koloni, alitembea hadi pale huku akiugua tumbo. Alirudi na vipande vya kutosha kuwatia kiwewe wanasayansi wa Ujerumani.

Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa taasisi na makumbusho ya jiolojia na visukuku ya Berlin, alikusanya zaidi ya mark 200,000 kutoka kwa matajiri, vyama na serikali. Aprili 1909 Werner Janensch na Edwin Hennig wakafika Tendaguru. Hapo ukaanza uchimbaji ambao kwa ukubwa wa watu na mizigo unastahili kuitwa mgodi, ingawa haukutoa hata gramu moja ya madini. Walianza na watu wasiozidi mia mbili. Kufikia 1911 wachimbaji walikuwa 500 hivi. Wake na watoto walifuata, kilima kikazungukwa na vibanda, kikawa kijiji kikubwa mahali ambapo maji yenyewe yalikuwa ya taabu.

Kwa nini walikuja? Simulizi za Ulaya hupenda kusema walivutiwa na kazi. Kodi ilikuwa inadaiwa, ghala zilikuwa tupu, ng'ambo ya kila kilima palikuwa na familia iliyozika watu. Tendaguru palikuwa na ujira na chakula. Hilo haliwapunguzii wachimbaji ustadi wao, lakini linaeleza ni nani aliyekuwa na hiari na nani hakuwa nayo.

Na ustadi ulikuwa mkubwa. Kwanza walisafisha majani na kukata miti. Kisha walishuka kwa majembe na sululu, mashimo mengine yakienda chini mita kadhaa, udongo ukitolewa kwa vikapu. Mfupa ukianza kuonekana, sululu iliwekwa kando na visu vikachukua nafasi. Mfupa wa miaka milioni 150 umepasuka vipande mamia, na udongo wa tope gumu uliouzunguka ndio unaoushikilia usimwagike. Ukiukwangua kwa pupa unabaki na changarawe. Fundi alisafisha upande wa juu, akapaka gundi, akaufunika kwa plasta ikiwepo au kwa udongo mwekundu ikikosekana, akasubiri ukauke, ndipo akaupindua. Plasta ilikuwa adimu, na hapo maarifa ya wenyeji yakaokoa kazi. Mianzi ya bondeni ilipasuliwa fito nyembamba, ikasukwa kuuzunguka mfupa kwa urefu wake wote, ikakazwa kwa kamba. Mfupa wa paja wenye urefu wa kumzidi mtu ulikatwa sehemu kwa sehemu, kila sehemu ikapewa herufi na namba ya shimo, ili mtu wa Berlin asiyewahi kuiona ardhi ilikotoka aweze kuiunganisha. Mnyama mkubwa kuliko wote aliandikwa S II. Aliyesuka mianzi ya S II hakuandikwa.

Kutoka Tendaguru hadi Lindi ilikuwa safari ya siku tatu hadi nne kwa miguu. Nyumbu wa kukokota mkokoteni hakuwepo, na wanyama wa mizigo wasingeishi kwa mbung'o. Kila kitu kilipanda kichwani au begani. Mfupa mzito ulining'inizwa kwenye mti, wakaubeba watu kadhaa. Katika miaka mitatu ya mwanzo peke yake zaidi ya mizigo 4,000 ilifikishwa Lindi, ikafungwa kwenye masanduku, ikapakiwa meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika kwenda Hamburg. Kwa jumla zilitoka karibu tani 230. Mtu anayezijua njia za Lindi, mchanga wake na miinuko yake, akae atafakari tani 230 juu ya shingo za binadamu.

Miongoni mwa watu hao mmoja alijitokeza kiasi kwamba hata nyaraka za Wajerumani hazikuweza kumficha. Boheti bin Amrani alikuwa nyapara mkuu na fundi mkuu wa kusafisha mifupa. Alijua kuutofautisha mfupa na jiwe kwa macho, alijua shimo gani lina matumaini, na wataalamu walimtegemea. Hans Reck na mkewe Ina walipochukua uongozi mwaka 1912 walimkuta Boheti, na walipoondoka Boheti alibaki akisimamia shughuli hadi zilipofungwa mwanzoni mwa 1913. Mohammadi Keranje naye alikuwa msimamizi, mwenye jicho la kugundua mahali pa kuchimba. Wakati huo sayansi ilikuwa ikigawa majina kwa ukarimu. Mnyama mkubwa akapewa jina la Branca mwaka 1914, mwingine la mfadhili, mwingine hata la jenerali Lettow-Vorbeck aliyepiga vita katika nchi hii hadi 1918. Jina la Boheti lilingoja hadi 2007, alipopewa mnyama mmoja mwenye shingo ndefu, Australodocus bohetii. Wamwera na Keranje waliingia pamoja mwaka 2019 katika jina la Wamweracaudia keranjei. Ilichukua karibu karne moja na wanasayansi wa kizazi kingine kabisa, lakini ilifanyika, na mimi nafurahi kila ninapoliona jina hilo limechapishwa.

Waingereza walipochukua Tanganyika walijaribu nao bahati yao kuanzia 1924. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria Lindi mwaka 1925. Makumbusho ya London iliendelea kuchimba hadi 1931, bila kuyafikia mavuno ya Berlin. Lakini kuna jambo dogo la kipindi hiki ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kijana aliyefuatana na Cutler mwaka 1924 alikuwa Louis Leakey, na Tendaguru ndipo alipojifunza kuchimba mifupa. Hans Reck naye alikwenda Olduvai mwaka 1913, mara baada ya kutoka Lindi, na 1931 wawili hao wakafika Olduvai pamoja. Maana yake ni kwamba ufundi uliolifanya bonde la Olduvai kuwa maarufu duniani ulipitia kwanza mikononi mwa watu wa Mbwemkuru. Katika shule zetu watoto hufundishwa Olduvai na Leakey. Tendaguru haipati hata ukurasa mzima.

Mnyama S II alisimamishwa Berlin mwaka 1937, katika ukumbi ambao chama cha Hitler kilijua kuutumia. Vita vilipozidi, mifupa iliteremshwa ikafichwa chini, jengo likapigwa mabomu Februari 1945, na sehemu ya makusanyo ikapotea. Baada ya vita ukumbi ukawa upande wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1984 mifupa ilifunguliwa, ikasafirishwa hadi Tokyo kwa maonyesho, ikarudishwa. Mwaka 2007 ikasimamishwa upya kwa mkao sahihi zaidi, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Wataalamu wamebadilisha jina lake la ukoo kuwa Giraffatitan. Mifupa hii imetembea Hamburg, Berlin na Tokyo, na haijawahi kurudi Lindi hata kwa wiki moja.

Leo ukitaka kwenda Tendaguru unaiacha lami upande wa Mchinga, unaingia kata ya Mipingo, unafika Namapwia, na kutoka hapo unatembea. Masika njia haipitiki kirahisi. Kiangazi majani yakishachomwa unaona mbali, na kilima chenyewe ni kidogo kuliko sifa yake. Mgeni anayetarajia mlima atakipita bila kukitambua. Mashimo yamejaa udongo na miti imeota ndani yake, lakini mwenye kuelekezwa huyaona, maana ardhi imebonyea kwa mistari iliyonyooka ambayo mvua haichori. Vipande vya mifupa bado vipo juu ya ardhi, vya rangi ya kijivu, vizito mkononi kuliko jiwe la ukubwa uleule. Huvichukui. Unaviweka ulipovikuta.

Tulimkuta mzee mmoja akipalilia mihogo. Tulipomwamkia, “Shikamoo, babu,” aliitikia marahaba akauliza papo hapo, “Mmefuata mijusi?” Tukakubali. Akasema wageni wote hufuata mijusi, na kila mgeni huuliza mijusi ilikuwa mikubwa kiasi gani, hakuna anayeuliza waliobeba walilala wapi njiani. Kisha akatuonyesha kwa jembe upande ambao misafara ilishukia, akirudia alichosikia kwa baba yake.

Swali la babu huyo ndilo ambalo mjadala wetu wa kitaifa umelikosa. Bungeni suala la mjusi wa Tendaguru limeulizwa mara kadhaa, nalo huishia penye mambo mawili, kumrudisha au kugawana mapato ya viingilio. Mei 2018, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani alipokuwa Dar es Salaam, msimamo wa serikali ulitolewa kwamba Tanzania haitadai mifupa irudishwe, ila inataka ushirikiano katika uchimbaji na uhifadhi. Sababu za gharama zinaeleweka. Kumsafirisha, kumjengea ukumbi wenye hewa inayodhibitiwa na kumlinda si jambo la bajeti ya halmashauri. Hata hivyo naona tulikubali haraka mno. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa maovu ya Majimaji. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa na watu walioponea Majimaji, kwenye ardhi iliyotwaliwa kwa amri ya 1895, miaka michache baada ya njaa. Radhi ile na mifupa hii ni shauri moja, na wanaokaa mezani wakayatenganisha wanawarahisishia waliochukua.

Nalisema hili nikiwa na wasiwasi wa leo pia, kwa sababu uchimbaji haujakoma. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikakaa miaka 30 bila kutumika, na mwaka 2004 ikaanza kutiririka kwa bomba kupitia Somanga Fungu hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Likong'o, karibu na Lindi mjini, wananchi wanausubiri mtambo wa kusindika gesi ambao umeahidiwa kwa miaka mingi. Jasi inachimbwa Kilwa na kupakiwa malori kwenda viwanda vya saruji. Ruangwa imeingia katika biashara ya kinywe kinachotakiwa na watengeneza betri duniani. Katika yote haya zipo faida ambazo enzi ya Wajerumani haikuwa nazo: sheria ya nchi yetu wenyewe, mrabaha, tozo za halmashauri, fidia. Mtu wa haki hawezi kuzifananisha enzi hizi mbili kana kwamba ni moja. Lakini nenda kijiji chenye machimbo ukamuulize kijana aliyeajiriwa anafanya kazi gani. Mara nyingi atajibu ulinzi, upakiaji, au usafi. Mwenye kusoma mwamba na kusema kuna nini chini anatoka mbali, kama zamani.

Boheti bin Amrani hakuwa mpakiaji. Alikuwa bingwa wa fani yake katika kizazi chake, mtu ambaye kwa mikono yake mifupa mingi ya kipindi cha Jura iliyofika Ulaya ilipona safarini, naye alijifunzia kazi machimboni, bila chuo. Kama mkoa wa Lindi ungekuwa na chuo cha jiolojia kilichopewa jina lake, na makumbusho ndogo pale Namapwia yenye orodha ya wanyapara, picha za misafara na nakala ya mfupa mmoja wa paja ambao mtoto anaweza kuusimamia pembeni akapima kimo chake, watoto wa Mipingo wangekua wakijua kwamba kusoma mwamba ni kazi ya ukoo wao. Picha zenyewe zipo Berlin, pamoja na madaftari ya uchimbaji, na siku hizi kunakili ni jambo la mashine na muda.

Na kipo kitu kingine huko. Katika stoo za makumbusho ya Berlin yamebaki mafurushi ya Tendaguru ambayo hayajafunguliwa tangu yafungwe, mianzi yake bado imezunguka udongo wake, kamba zikiwa zilezile zilizokazwa na watu wa bonde hili. Ndani yake kuna mifupa ambayo hakuna aliyeiona tangu enzi za Boheti. Siku furushi lijalo litakapofunguliwa, wanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vijana kutoka Mipingo wawe wamesimama pale mezani, wakiwa na visu mikononi, wakilipwa kwa kazi hiyo, na ripoti itakayotoka iwe na majina yao.